Kuruthumu na Cherehani za Juu ya Paa

Kuruthumu binti Hashimu alizaliwa Kariakoo, akacheza mdako Kariakoo, akaolewa na kuachwa humo humo Kariakoo, na alipofika miaka hamsini na kitu ndipo alipogundua kuwa hana mtu wa kuzungumza naye. Ukimwambia mgeni wa mji atakucheka. Mtaa wa Narung'ombe mchana hupati pa kuweka mguu: mikokoteni, mabelo ya vitenge, wateja kutoka Lubumbashi wanabishana bei na wauzaji, vijana wanakuita shangazi kabla hujawageukia. Lakini hao wote walikuwa chini. Kuruthumu alikuwa ghorofa ya tano.

Zamani pale palikuwa na nyumba ya baba yake, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ukumbi katikati, na mbele baraza ya saruji iliyolainika kwa kukaliwa. Akaja mwekezaji. Ndugu wakakaa, wakakubaliana, nyumba ikavunjwa, likasimama jengo la vioo na marumaru, na kila ndugu akapewa makazi yake ndani. Makazi mazuri, Kuruthumu hana la kulalamika. Maji yapo, choo kiko ndani, upepo wa bahari unaingia dirishani. Ila hakuna baraza. Ndugu zake walipangisha za kwao wakahamia Kigamboni. Mlango wa kushoto ukageuzwa stoo ya viatu, mlango wa kulia akapanga mtu anayesafiri mwaka mzima. Binti yake wa pekee, Nasreen, aliolewa Mbagala. Kuruthumu akabaki na redio.

"Kuna siku nilikuwa nanunua nyanya moja moja," alikuja kumwambia Nasreen baadaye, "ili nipate sababu ya kushuka tena."

Siku moja ya Jumamosi alipanda juu ya paa kuanika mashuka. Kwa kawaida alikuwa anaanika kwenye kidirisha cha jikoni, lakini mashuka yalikuwa mengi, na lifti ilikuwa imekufa, kwa hiyo akapanda ngazi pole pole na beseni kiunoni. Kabla hajafika juu akasikia mlio: trrrrr, kimya, trrrrr. Akadhani ni mashine ya mafundi wa bomba. Alipochungulia akaona turubai la bluu limefungwa kwenye nguzo za matangi, na chini yake akina mama wameinamia cherehani, wengine wamekaa mkekani wanakata kitambaa. Nyuma yao, mbali, winchi za bandarini zilikuwa zinainua makontena.

Hakuwasemesha. Akaanza kuanika. Mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuimba mbele za watu, akamwita.

"Mama, shikamoo. Shuka lako linatudondoshea maji kwenye kitambaa."

"Marahaba. Nisamehe mwanangu, sikuona."

"Msamaha utaupata ukinishikia upande huu. Huyu aliyekuwa anashika kaenda kuchukua chai."

Kuruthumu akashika ule upande. Alikuwa bado ameshika adhuhuri ilipoadhiniwa.

Yule mwanamke ndiye Sofia, mwenyeji wa Songea, fundi aliyeshona sare za shule miaka mingi kwenye kibanda cha Gerezani mpaka kibanda kilipobomolewa. Mama wa mwenye jengo alikuwa mteja wake. Akamwambia, panda na cherehani zako juu, paa ni kubwa, matangi hayahitaji nafasi yote ile. Sofia akapanda, na baada yake wakapanda wanawake wengine, mmoja mmoja, kila aliyesikia. Walikuwa wanakutana Jumatano na Jumamosi. Wengine walitaka kujua kushona wapate riziki, wengine walitaka tu kutoka ndani. Hakuna aliyeulizwa yuko upande gani.

Kuruthumu sindano ya mkono aliijua. Kushona kifungo, kupinda khanga, kuziba tundu la soksi, hayo alifundishwa na mama yake. Cherehani hakuwahi kuigusa. Mara ya kwanza alipokanyaga, gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukajisokota kwenye bobini kama nywele za mtoto aliyetoka kulala. Sofia hakumpa kitambaa. Alimpa karatasi ya daftari kuukuu, sindano haina uzi, akamwambia afuate mistari. Kuruthumu akaona haya, mwanamke mzima anashona karatasi. Akageuka kutazama wenzake, akakuta hakuna anayemtazama. Kila mtu ameinamia lake.

Jumamosi ya tatu ndipo mguu ulipokubali. Hakujua umekubali vipi. Alikuwa anamsikiliza Evarista, mstaafu wa benki, akisimulia jinsi mumewe alivyomfukuza kuku wa jirani akaangukia kwenye sinia la wali. Akacheka, na katika kucheka akasahau kuutazama mguu, na mguu ukaenda wenyewe. Alipotazama karatasi, matundu yalikuwa yamepangana kwenye mstari kama mchwa. Alirudi nayo nyumbani ile karatasi. Akaibandika kwenye jokofu.

Kuanzia hapo Jumanne jioni zikawa na raha yake, kwa sababu kesho yake ni Jumatano. Alikuwa anaamka mapema kukaanga vitumbua vya kupeleka juu. Alijua nani hali iliki, nani ana mkwe mkorofi, nani akikasirika anakata kitambaa vizuri zaidi. Na wao walimwita Kuruthumu, au dada Kuruthumu. Si shangazi, si mama Nasreen. Jina lake lilikuwa limekaa muda mrefu bila kutumika, na kila lilipoitwa alihisi kama kuna mtu anagonga mlango wake.

Basi ilikuwa Jumatano, Kuruthumu anapanga vitumbua kwenye sahani, akasikia mtu anapanda ngazi anahema. Sofia akasema, "Karibu mwenzetu, karibu, leo tunaye mgeni." Kuruthumu akainua uso, akaona ni Ummy.

Hapo lazima turudi nyuma kidogo. Kuruthumu aliolewa na Abdulmalik, wakala wa kutoa mizigo bandarini, mwanamume maridadi wa kola nyeupe na manukato, aliyekuwa akipita Mnazi Mmoja kila asubuhi kwa miguu kuelekea kazini, huku anasalimiwa njia nzima. Waliishi vizuri, wakamzaa Nasreen. Nasreen alipokuwa anamaliza sekondari, Abdulmalik akaoa mke wa pili, msichana wa Ilala anayeitwa Ummy. Dini inamruhusu, na Kuruthumu hakubisha na dini. Alisema tu, "Mimi nipe talaka yangu." Akapewa. Akarudi kwa baba yake. Huyo Ummy, Kuruthumu alimwona mara moja tu, kwenye harusi ya watu, akahama kiti. Kisha mwaka juzi Abdulmalik akafa, moyo, ghafla, akiwa ofisini. Ummy akakaa eda. Mke aliyeachwa zamani hana eda ya kukaa. Kuruthumu siku ile alishusha mapazia yote ya nyumba, ambayo wala hayakuwa machafu, akayafua, akayaanika, akayapiga pasi, akayarudisha. Hakuna mtu aliyemuuliza chochote.

Sasa Ummy amesimama juu ya paa, mwembamba kuliko alivyomkumbuka, kajifunga mtandio wa kijivu, na uso wake umebadilika rangi kwa sababu naye amemwona.

"Shikamoo dada," Ummy akasema.

Shikamoo haiachwi ikaanguka chini. "Marahaba," Kuruthumu akajibu, akaendelea kupanga vitumbua vilivyokwisha kupangwa.

Wiki zile zilikuwa nzito. Ummy alikaa mwisho wa mkeka huku, Kuruthumu cherehani ya mwisho kule. Sofia si mjinga, aliona, lakini hakuuliza. Kuruthumu akawaza kuacha. Akapanga kabisa maneno ya kumwambia Sofia, kuwa magoti yanauma, ngazi ni nyingi. Ilipofika Jumamosi akajikuta anakoroga unga wa vitumbua. Akajiambia, mume nilimwachia, paa simwachii.

Kisha ikaja siku ya suruali.

Sofia alikuwa amenunua suruali za kiume za mtumba, akamgawia kila mmoja yake. "Leo tunapinda miguu," akasema. "Mteja wa kwanza atakayekuja kwako hatataka suti, atataka umpunguzie suruali. Vidole vinne kwenda juu, piga chaki, piga pasi, shona. Miguu yote miwili sawa. Sina mengi."

Wakainama. Ilikuwa kazi rahisi na Kuruthumu aliifanya huku akili iko kwenye dagaa alioacha juu ya meza. Alipomaliza akaikunja, akaiweka pembeni. Sofia akapita kukagua. Alipofika kwa Kuruthumu akaishika suruali kiunoni, akainyoosha juu, akainamisha kichwa.

"Dada Kuruthumu, mguu wa kushoto umeupandisha."

"Aka, nimepima."

"Umepima, lakini umepandisha. Tazama. Unene wa kidole kizima."

Kuruthumu akatazama. Kweli. Akahisi damu imempanda usoni, maana alijua mkono wake ulikuwa umekwenda wapi bila kumuaga. Sofia akaendelea na wengine, huyu vizuri, huyu uzi umelegea, mpaka akafika mwisho wa mkeka. Akaishika suruali ya Ummy. Akainyoosha. Kisha akarudi kuichukua ya Kuruthumu, akaziinua mbili pamoja kwenye mwanga, moja mkono huu, moja mkono ule.

"Jamani," Sofia akasema, "ninyi wawili mmefundishwa na nani? Mguu ule ule! Kidole kile kile!"

Kuruthumu hakuthubutu kuinua macho. Halafu akasikia kule mwisho wa mkeka mtu anajaribu kuzuia kitu puani na anashindwa. Ummy alikuwa anacheka. Amejiziba mdomo kwa mtandio na mabega yanatikisika. Kuruthumu akataka kukasirika, akaitafuta hasira yake yote ya miaka ile, lakini kicheko kilikuwa kimeshamfika shingoni.

"Na wewe?" akauliza, maneno ya kwanza kumwambia Ummy tangu ile marahaba. "Na wewe alikufungisha mlango?"

"Mlango na dirisha!" Ummy akasema. "Na pazia!"

Wakavunjika mbavu. Wenzao walikuwa wanawatazama bila kuelewa, na hao wawili walikuwa hawawezi kusema, wanaonyeshana tu vidole kama watoto.

Habari yenyewe ni hii. Abdulmalik alipokuwa mdogo alivunjika mguu wa kushoto kwenye mpira, pale pale Mnazi Mmoja, na mfupa ulipounga uliunga mfupi. Kidogo tu; akitembea huoni. Lakini suruali ilikuwa inaona. Iliburuta upande mmoja. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujipenda, hakutaka fundi yeyote wa Kariakoo ajue. Suruali mpya ikinunuliwa, aliileta nyumbani, anafunga mlango, anasimama wima katikati ya chumba kama askari, na mkewe anapiga magoti na sindano na kupinda kwa mkono, kushoto kidole kimoja zaidi. Kisha anaapishwa asiseme. Dunia nzima waliolijua hilo ni wake zake wawili.

Siku ile wengine waliposhuka, Kuruthumu na Ummy walibaki wakikunja turubai. Walikuwa wameshamaliza kucheka. Ummy akasema, huku akitazama kamba aliyokuwa anaifunga, "Tangu afe, sijapata mtu wa kumzungumzia. Ndugu zake wanataka kumwombea tu. Ukisema alikuwa anaimba bafuni wanaona unamvunjia heshima."

"Anaimba vibaya," Kuruthumu akasema.

"Vibaya sana."

Kuruthumu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwambia habari ya mapazia. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Nasreen. Ummy akaja akakaa chini karibu naye, kwenye saruji yenye joto, wakabaki hapo mpaka muadhini wa alasiri alipoanza.

Toka hapo wakahamia cherehani moja. Ummy alikuwa na jicho la kukata: anakitazama kitambaa kidogo, anapitisha mkasi bila wasiwasi. Kuruthumu akawa mshonaji, mguu wake sasa hauna mpinzani. Walipewa kazi ya foronya za nyumba ya wageni, kisha madira, kisha majoho ya kwaya ya parokia ya Sofia, ambayo Kuruthumu aliyashona huku anaimba kasida na Sofia anamjibu kwa pambio, na hakuna aliyeona ajabu. Ummy alimpenda kwa namna ya kumsumbua. Atamchokoza, "Dada, mshono huo umelewa." Kuruthumu atamjibu, "Aliyekata ndiye aliyekunywa." Alikuwa anashuka ngazi anacheka peke yake.

Shida ilikuwa Nasreen.

Nasreen alikuja kumtembelea mama yake Jumamosi moja bila kupiga simu, akakuta mlango umefungwa, akafuata mlio mpaka juu. Akamkuta mama yake amemshikia Ummy kitambaa kwa meno ili mikono yake iwe huru, na wote wawili machozi yanawatoka kwa kicheko.

"Mama," akasema. "Huyu si yule?"

"Ndiye. Shikamoo yako iko wapi?"

Nasreen hakutoa shikamoo. Aligeuka akashuka, viatu vinagonga ngazi ghorofa zote saba. Kuruthumu alimpigia simu usiku, haikupokelewa. Akapiga kesho yake. Siku ya nne ikapokelewa.

"Mimi nilikuwa naona ukilia, mama. Nilikuwa nasoma chumba cha pili nasikia. Leo unacheka naye?"

Kuruthumu akafikiri kabla ya kujibu. "Mwanangu, ile hasira ilikuwa yangu. Ulinisaidia kuibeba, na ulinibebea vizuri. Sasa naiomba, uitue."

"Na hiyo ni rahisi hivyo?"

"Si rahisi. Ila mimi ninafurahi, Nasreen. Nataka ujue kwamba mama yako anafurahi."

Kule upande wa pili akasikika mjukuu analilia maziwa, simu ikakatwa taratibu.

Ramadhani ikaingia. Watu wa Kariakoo wakajaa madukani kutafuta nguo za Idi, na kule juu ya paa kazi zikawa nyingi. Kuruthumu akanunua kitambaa rangi ya chungwa chenye maua meupe, akamwambia Ummy akate magauni mawili ya mshono mmoja. Moja la Mwantumu, binti wa Ummy, msichana wa darasa la sita mwenye paji la uso pana ambalo Kuruthumu, alipompima mara ya kwanza, ilibidi ageuke kidogo atafute chaki isiyopotea. Moja la Nasreen. Vipimo vya Nasreen alivitoa kwenye gauni la zamani lililobaki kabatini. Hayo yalikuwa magauni yake ya kwanza kuyashona mwanzo hadi mwisho, shingo, zipu, mikono na vyote, na alipomaliza la pili alilivaa yeye mwenyewe kichwani kama mtoto, akazunguka nalo chini ya turubai huku wenzake wanampigia vigelegele.

Idi Mosi Nasreen akaja. Alikuja na mumewe na mtoto, amebeba kashata, na alipomkuta Ummy sebuleni anapanga vijiko alisimama mlangoni. Kisha akasema, "Shikamoo," kwa sauti ndogo, na Ummy akaitikia kwa sauti ndogo vile vile. Mwantumu alikuwa ameshavaa lake. Nasreen akamtazama yule mtoto. Akalitazama lile paji la uso, ambalo yeye mwenyewe hulifunika kwa mtandio kila asubuhi kwa sababu halipendi. Akachukua gauni lake akaingia chumbani.

Akakaa muda. Kisha wakamsikia anaita.

"Mama! Hivi umenishonea gauni, au umenishona ndani ya gauni?"

Kuruthumu alisahau kuwa kati ya lile gauni la kabatini na leo, Nasreen amezaa. Zipu ilikuwa imefika nusu ya mgongo ikagoma, mikono imebana kwapani, na Nasreen amesimama katikati ya chumba ameinua mikono kama mtu anayepekuliwa, hawezi kuvaa hawezi kuvua. Mwantumu akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa kuogopa. Nasreen akamwangalia. Naye akacheka, na alipocheka mshono mmoja ukasema tra.

"Usicheke, usicheke, utaumaliza wote!" Ummy akasema, ameshapiga magoti, mkasi mdogo mkononi, uzi katikati ya meno. "Simama hivyo hivyo. Usivute pumzi. Niliacha kitambaa cha akiba ubavuni, mama yako namjua. Mwantumu, shika hapa. Dada, wewe nenda kaangalie pilau, unanizibia mwanga."

Kuruthumu akaenda kuangalia pilau. Pilau lilikuwa limeiva zamani, hata makaa ya juu ya kifuniko yalikuwa majivu. Akasimama jikoni na mwiko. Kule chumbani alisikia mkasi ukifumua, tik, tik, halafu sauti ya Nasreen, ya kujaribu, kama mtu anayegusa maji ya moto kwa ncha ya kidole.

"Eti ni kweli baba alikuwa anaimba bafuni hadi mwisho?"

"Mungu amrehemu," Ummy akajibu. "Majirani walihama."

Mwantumu akauliza alikuwa anaimba nini, na Nasreen akaanza kumwimbia, vibaya, kwa makusudi. Kuruthumu akachota wali kidogo akauonja, ukiwa umeiva vile, akarudisha kifuniko, akasema kwa sauti ili asikike, "Pilau bado! Msiharakishe!"